Rupia ya Shingoni

Kabula tulimzika Mwanhuzi mwaka jana, kwenye ardhi kavu ambayo majembe yalikuwa yakiigonga na kurudi. Nilitoka Bariadi na basi la asubuhi, likaharibika njiani kama ilivyo ada yake, nikafika watu wameshatawanya mikeka. Nilikaa jikoni na wanawake, nikapewa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, nikasikiliza wanavyomsema marehemu kama inavyokuwa misibani, mazuri kwa sauti na mengine kwa kunong'ona. Walinong'ona zaidi juu ya binti yake, Mbuke. Kwamba tangu mama yake afe hajadondosha chozi mbele za watu. Kwamba wazee wamemwita kwenye kibanda cha mababu, yeye mwenye jina la bibi wa ukoo, amekataa kuingia. Kwamba amejikalia nyuma ya zizi anasuka kamba. Mimi nilijua zile si kamba. Nikamaliza maziwa yangu. Kati ya watu watatu tuliojua jambo lile toka mwanzo nimebaki mimi peke yangu, na nisipolisema sasa litaniozea tumboni.

Ulikuwa ni mwaka ule simu za mkononi zilipoanza kufika Bariadi, ukitaka kuongea na mtu unapanda juu ya kichuguu na kunyoosha mkono mmoja hewani kama unayeapishwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja ya kusomwa kwa jicho moja, na sikutaka kurudi Dutwa kupalilia pamba na kuulizwa na kila mpita njia nimefaulu au vipi. Nikapata kazi kwa Mzee Athumani. Huyu alikuwa mtu wa Pangani, serikali ilimleta huku angali kijana kukagua mizani za kununulia pamba, akastaafu hukuhuku, mke akafa hukuhuku, akasema kurudi kwao ni gharama na kubaki ni mazoea. Mjini walimwita Mzee Mizani. Uzeeni alinunua sarafu za fedha za zamani, rupia za Mjerumani na shilingi za mfalme zenye simba, ambazo wanakijiji walikuwa nazo kwenye masanduku ya bibi zao au waliziokota wakati wa kulima. Alizipanga kwa ubora, kisha wanunuzi walikuja kutoka Mwanza na kuzichukua. Wao waliziuza wapi, hatukuuliza.

Chumba cha kazi kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara iendayo kiwanda cha kuchambulia pamba. Meza ya mninga, dirisha moja kubwa, ukutani mizani yake ya zamani ambayo aliifuta vumbi kila Ijumaa. Msimu wa pamba nyuzi nyeupe zilielea hewani na kuingia ndani, zikatua kwenye nywele, kwenye chai, kwenye sarafu. Saa za mchana, jua likishasimama, mtaa wote ulinyamaza kabisa, hata mbwa hawasikiki, na ndani ya chumba kile nikawa nasikia pumzi za Mzee na zangu, na mara nyingine nikadhani nasikia pumzi zaidi. Nacheka sasa nikiandika. Wakati ule sikucheka, nilikuwa nanyanyuka naenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya macho. Rupia ya Mjerumani ina mfalme wao upande mmoja, amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua ndege aliyekunjua mabawa. Mzee alinifundisha kuanza na ndege. Sarafu ikizunguka mikononi mwa watu, ndege ndiye anayekufa kwanza, manyoya ya bawa yanalala, halafu unakwenda unyusi, halafu sharubu, mwisho mfalme mzima anabaki kivuli. Ndege akiwa na manyoya yake yote, hiyo ni ya sanduku, ilifichwa haikutumika. Bawa likilainika ila sharubu zipo, ya mkono. Sharubu zikifutika, ya mfuko. Na uso ukiwa mtupu, aliiita kipofu. Kila moja naitia kwenye kibahasha cha karatasi, juu naandika daraja lake kwa penseli. Zilizobaki zilikuwa za shingo, zile zilizotobolewa tundu na kuvaliwa na bibi au babu wa watu mpaka akafa nayo shingoni, kisha ukoo ukaitunza kwa ajili yake. Tundu linaua thamani. Mzee alizitupia kwenye kopo la maziwa ya unga, na likijaa analipeleka Mwanza kwa sonara aziyeyushe zigeuke pete.

Adui yake mkubwa Mzee yalikuwa majivu. Wasukuma wenzangu, Mungu atusamehe, hatuwezi kumpelekea mtu kitu kichafu. Mtu ana rupia ya bibi yake imekuwa nyeusi vizuri kwa miaka na miaka, anasikia kuna mnunuzi Bariadi, basi anaichukua na majivu na ndimu na gunzi la mahindi anaisugua usiku kucha ing'are kama sufuria ya harusi. Anaifikisha kwa Mzee akiwa na tabasamu. Mzee anaigeuza chini ya kioo, anaona mikwaruzo, anavuta pumzi. Weusi ule ndio umri wa sarafu, aliniambia, ukiuondoa haurudi, si kwako wala si kwa mjukuu wako. Kisha anamwambia mwenye sarafu asante kwa usafi, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu zake.

Kabula alipanga chumba cha pili uani kwetu. Alikuwa amenizidi miaka michache, nikamwita dada. Mume wake alikuwa mfuga ng'ombe kule Mwanhuzi, na yeye alikuja Bariadi kuwa karibu na hospitali ya wilaya, kwa kuwa alikuwa na mimba ya tatu na watoto wawili wa kwanza walikuwa wamekufa kabla hawajapewa majina. Aliniambia jioni moja tunachambua mchicha, bila kuinua macho. Nikaendelea kuchambua. Alikuwa mtu wa vichekesho, anamuiga Mzee anavyopenga kamasi, anaziita rupia zetu wafalme wa makopo. Lakini akicheka mkono wake mmoja ulikuwa tumboni, unasikiliza. Nilimpenda mwanamke yule. Sikuwahi kumwambia, kwetu hatuambiani hivyo, tunapelekeana mboga.

Kiangazi kilipoanza Mzee akanichukua twende Lamadi, mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki. Watu wa ziwani nao walikuwa na rupia zao. Tulikaa kwenye benchi la mama muuza chai, dagaa wameanikwa pande zote, akaja kijana mmoja jina lake Masatu na kitu amekifumba kiganjani. Ilikuwa rupia ya shingo, nyeusi tii, bado ina kipande cha ngozi kwenye tundu. Akatueleza bila kuulizwa kwamba ilikuwa ya baba yake, Mafuru. Alizama na mtumbwi, ziwa likakaa naye likamrudisha, na alipopatikana nyavu hana, nguo hana, ila rupia iko shingoni. Mama yake hataki kuiona ndani ya nyumba. Mzee akamwambia kwa upole kwamba zenye tundu hazina bei. Kijana akasema hata bure, mradi iondoke. Mzee akampa kitu, tukaondoka. Kwenye gari nikaona ameishika mkononi badala ya kuitia mfukoni, na nilipomtazama akaitia.

Siku iliyofuata akaijaribu sauti. Hii nayo ilikuwa sehemu ya kazi, unaidondosha sarafu kutoka kimo cha shubiri kwenye jiwe bapa lililokuwa pembeni mwa meza. Fedha halisi inalia. Ya bandia inasema tup. Na iliyotobolewa haisemi kitu cha maana hata iwe fedha tupu, kwa sababu tundu limeikata koo, ndivyo alivyokuwa akisema. Ile ya Lamadi aliidondosha kwa mazoea tu kabla ya kuitupa koponi. Ikalia. Ililia kwa sauti nyembamba, safi, ikazunguka chumba, na ilipokoma mimi nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. Mzee akaidondosha tena. Ikalia tena vilevile. Akasema labda tundu ni dogo. Akachukua nyingine za shingo kutoka koponi, zenye matundu madogo kuliko hilo, akazidondosha, zote bubu. Basi akaitia hiyo kwenye kibahasha, akaniambia niandike daraja, na mimi nikaandika ya shingo, na hakuitupa koponi.

Sasa sikieni. Mimi si mtu wa mashetani. Nimezaliwa nyumba ya Wakristo, na Mzee alikuwa na swala tano. Lakini kibahasha kile kilikuwa kikilowa. Kiangazi cha Simiyu mnakijua, midomo inapasuka, mbao za mlango zinaachana, na kibahasha kile peke yake katika trei nzima nilikikuta kimelainika kama karatasi ya chapati, penseli imefutika. Nikabadilisha. Baada ya muda nikabadilisha tena. Nikamwonyesha Mzee, akakinusa, akasema ni chumvi, fedha iliyokaa majini inabeba chumvi na chumvi huvuta unyevu. Nikamwuliza ziwani kuna chumvi gani. Akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha. Mimi nimelelewa kutomuuliza mkubwa mara mbili.

Mimba ya Kabula ilipokuwa kubwa, mume wake alikuja na habari kutoka kwa mfumu, mganga wa kwao. Nilisikia yote kupitia ukuta, maana ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja. Mfumu amesema bibi wa ukoo, marehemu Mbuke, anataka kurudi kupitia tumbo lile. Amejaribu mara mbili ameshindwa, na watoto wamekufa kwa sababu hiyo. Anashindwa kwa kuwa rupia yake iliyotunzwa kwenye kibanda cha mababu haipo, na bila hiyo haoni njia. Ikavaliwe na mama siku ya kujifungua, kisha mtoto aivae na apewe jina lake. Waliporudi kwenye kibanda kutazama, rupia haimo. Shemeji yake Kabula, Luhende, akabanwa akakiri kwamba aliiuza Bariadi. Na akaongeza kwa kujitetea, maskini, kwamba hakuiuza hovyo, aliisugua kwanza kwa majivu mpaka ikawa nyeupe.

Kabula hakusubiri asubuhi ya pili. Mchana uleule alikuja chumbani kwetu na tumbo lake, akakaa kwenye kigoda, akamweleza Mzee kila kitu bila aibu. Mimi nilimkumbuka Luhende. Nilikumbuka na rupia yake, iking'aa hivyo, na pumzi ya Mzee. Mzee naye alikumbuka, kwa kuwa hakuwahi kusahau sarafu. Lakini kopo la za shingo lilikuwa limeshakwenda Mwanza mwezi mmoja nyuma. Bibi Mbuke alikuwa ameyeyushwa. Alikuwa kwenye vidole vya maharusi wa watu, huko Mwanza na Geita na sijui wapi, vipande vipande. Mzee alimwambia hivyo kwa maneno laini kadiri alivyoweza, na nikamwona Kabula akishika tumbo kwa mikono miwili, sio kama anayeumwa, bali kama mtu aliyebeba kitu na anaambiwa akitue.

Mzee aliinuka, akaenda kwenye trei, akarudi na kibahasha kilicholowa. Alimwambia kwamba hii ndiyo pekee ya shingo iliyobaki, aichukue. Mfalme ni mmoja, fedha ni ile ile, na wazee wa Mwanhuzi watalala kwa amani. Nilijua anafanya hisani. Nilijua pia, na hili sikumwambia mtu mpaka leo, kwamba mkono wake ulikuwa na haraka ya kuitoa. Lakini ulimi wangu ulikuwa haujajifunza kukaa ndani. Nikamwambia Kabula pale pale, mbele ya Mzee, kwamba ile si ya bibi yao, ni ya mvuvi wa Lamadi aliyezama, imetolewa shingoni mwake. Nikamwambia na habari ya kulia na ya kulowa. Mzee alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. Barabarani upepo wa kisulisuli ulipita na vumbi lake na pamba ndani yake, ukapita zake.

Kabula aliitoa rupia kwenye karatasi, akaiweka kiganjani. Kisha akasema, "Bibi nimemngoja mara mbili, hakuja. Huyu kama yuko tayari, na aje."

Nikamwambia, "Dada, humjui."

"Na wale niliowazika niliwajua?" akaniuliza.

Aliivaa palepale. Alisimama, akamwambia Mzee wabeja, yaani asante, akatoka, na mlangoni akageuka akanionyesha kwa kidole mdomoni kwamba limekwisha. Tukawa watu watatu wenye siri, na wa nne kama mnataka kumhesabu.

Mtihani ulikuwa mama mkwe. Alikuja kutoka Mwanhuzi na kuku wawili na gunia la unga, mwanamke mrefu mwenye macho ya kupima ng'ombe mnadani. Niliitwa nilete chai, na nikachelewa makusudi kutoka ili nione. Kabula alimsalimia kwa magoti, mwadila mayu, na yule mama akaitikia lakini macho yako shingoni. Akaomba aishike. Akaigeuza, akaipitisha kidole kwenye tundu, akauliza kwa nini ni nyeusi. Luhende ameapa mbele ya wazee kwamba aliisugua ikawa nyeupe, akasema mama mkwe, na yeye mwenyewe alimwona akiisugua jikoni kwake. Sasa hii nyeusi imetoka wapi? Hapo ndipo nilipoona tumekwisha. Kabula aliinamisha kichwa. Na yule mama akajijibu mwenyewe. Machozi yalimtoka. Akasema bibi amekasirikia kuvuliwa weusi wake, ameuvaa tena, nani kati ya walio hai angeweza kufanya hivyo? Akaibusu rupia ya Mafuru, akaiita bibi, akamrudishia Kabula shingoni kwa mikono miwili. Mimi nikaenda uani nikakaa juu ya ndoo.

Mzee alipopewa habari hiyo hakufurahi kama nilivyotegemea. Alikuwa amekaa miaka yote akiwaambia watu kwamba weusi ukitoka haurudi, na sasa wilaya nzima ya Meatu, kwao Kabula, itasikia kwamba umerudi. Akasema wajinga ni sisi. Nikamwuliza kwa nini sisi. Akasema huwezi kumkabidhi mtu mzigo ambao umeshindwa kuupima.

Mtoto alizaliwa hospitali ya wilaya, mvua za kwanza zikiwa zinaanza, msichana, mzima, mzito. Nilikuwepo nje ya wodi. Wauguzi walikuja wakinong'onezana kwamba chupa ilipasuka ikatoka maji mengi mno, maji ya baridi, mmoja amelowa mpaka viatu na anaapa hajawahi kuona. Mtoto hakulia. Alikohoa kwanza, akakohoa tena kama mtu mzima anayetoa kitu kifuani, ndipo akavuta pumzi. Nilipoingia, Kabula alikuwa amemlaza kifuani, rupia iko kati yao, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote mpaka leo, furaha ya mtu aliyeiba na hatarudisha. Alimpa jina Mbuke kama walivyotaka. Aliniashiria niinamishe sikio, akaniambia kwamba mgeni amefika.

Mwisho wa mwaka Mzee Athumani alifunga chumba. Hakuniambia sababu. Alinipa jiwe la kujaribia na kioo cha kukuzia, akanipa na mkono, akapanda basi la kwenda kwao Pangani ambako alikuwa amesema hatarudi. Barua zake zilikuwa za salamu tu mpaka zikakoma. Mimi nikaendelea na kazi ile ile, leo nina duka langu dogo la sonara pale mjini, watoto wamesomeshwa na ndege wa kwenye kofia. Rupia iliyotobolewa siinunui. Mtu akiniletea namwambia airudishe alikoitoa, na akinitukana namwacha atukane.

Kabula alikuwa ananipigia simu. Hakuwahi kumwita binti yake kwa jina akiongea na mimi, alisema mgeni wetu. Mgeni wetu hajambo. Mgeni wetu hataki kuogeshwa kwenye beseni, anashika ukingo na kukodoa macho, namwogesha kwa kitambaa. Mgeni wetu ana miaka minne, amechukua uzi wa gunia amefunga mafundo, nimemwonyesha muuza samaki aliyepita hapa akasema hilo ni fundo la wavu, nani amemfundisha? Kule Meatu, jamani, ambako maji yenyewe wanayachimba mchangani. Nilimwuliza kama anaogopa. Alinicheka, akasema wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu amepewa jembe na analima vizuri kuliko wenyeji. Lakini simu moja, ya mwishomwisho, hakutania. Alisema kuna siku anamkuta binti amesimama uani ametazama upande wa ziwa, na sura yake ni ya mtu anayesubiriwa mahali. Akasema, nilimpata kwa kumnyima mtu mwingine. Nikamwambia aache maneno. Hiyo ndiyo simu ninayoijutia, ningemwacha aseme.

Basi msibani, watu walipopungua, nikaenda nyuma ya zizi. Mbuke alikuwa amekaa chini, msichana mfupi wa kunifika begani, mweusi, mikono yake inakwenda bila yeye kuitazama. Alikuwa amesuka wavu wa urefu wa kanga. Aliniamkia, akaniita mama mdogo, akaniambia mama yake alimwachia neno moja, kwamba akitaka kujua yeye ni mgeni wa nani aje aniulize. Wazee wanamtaka aingie kibandani kama bibi wa ukoo. Amejaribu toka utotoni, akisimama mle anahisi kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati wa kula. Aliyasema haya kwa utulivu, halafu mikono ikaacha kusuka. "Kila mtu hapa ananipenda kwa jina la mtu mwingine," aliniambia. "Nimechoka." Nikakaa naye kwenye samadi kavu, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi.

Hakushangaa. Aliuliza tu kama Lamadi ni mbali.

Tulikwenda baada ya arobaini. Mwaloni pamebadilika, kuna nyumba za wageni na bodaboda, lakini Masatu nilimpata, mtu wa mvi sasa, anauza injini za mitumbwi. Nilimwambia tumekuja kumsalimu mama yake, kwamba huyu binti yangu ana jambo lake la zamani. Akasema mama yupo, ameshakuwa mkongwe, hasikii vizuri, kutwa amekaa ndani kwenye mkeka mkabala na mlango. Akatuongoza. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, na mlango wa chuma mrefu na mpana, hata mwanamume wa kimo cha mlingoti angepita na kofia yake. Mimi nilitangulia, nikapita, nikamsalimu bibi kizee aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo. Akaitikia bila kunitazama sana.

Mbuke alikuja nyuma yangu. Alipofika kizingitini, huyu msichana ambaye juu ya kichwa chake palibaki nafasi ya mtu mwingine kusimama, aliinama. Aliinama sana, bega moja mbele, mkono mmoja ameulinda utosi, kama mtu mrefu anayepita mahali pafupi alipokwisha kujigonga mara nyingi. Ungo ukaacha kutikiswa. Bibi kizee alimtazama pale mlangoni. Nilisikia wimbi likipiga huko nje, na likipiga tena.

"Ule mlango mfupi wa udongo tulishaubomoa, Baba Masatu," bibi kizee akasema. "Huu haukuumizi. Ingia."

Mbuke akanyoosha mgongo, akaingia.